Jina Lililopigiwa Chafya

Kigen alipiga chafya moja tu, chafya ndogo ya mtu asiye na nguvu, na mama yake akaangusha chupa ya chai.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sebule, na hakuna aliyekuwa amesema neno baya. Tabby, mkewe Kigen, alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati la marehemu baba mkwe wake, akitafuta karatasi ya hospitali aliyoiweka mahali pazuri mno hata akapasahau. Alichopata ni kitambulisho cha zamani, chenye picha ya mwanamume mwenye mashavu yaliyobonyea na macho ya mtu anayedai haki yake. Akasoma jina kwa sauti, jinsi mtu anavyosoma chochote alichookota.

"Kipkemoi arap Sigei. Huyu naye ni nani?"

Hapo ndipo Kigen, aliyekuwa amelala kwenye kochi chini ya blanketi mbili, alipopiga chafya.

Chai ikatiririka hadi mlangoni. Kogo Chepkosgei, mama yake Kigen, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya, tangu mjukuu wake azaliwe, hakuinama kuipangusa. Alifunika mdomo kwa kiganja, akamtazama mwanawe, kisha akatazama kile kitambulisho mkononi mwa mkaza mwana wake.

"Rudisha hiyo kitu," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimesoma tu, Kogo. Kuna shida?"

"Hakuna. Ni mtu alikufa kitambo. Rudisha."

Tabby akarudisha, akachukua kitambaa, akapangusa chai. Siku nyingine angeuliza maswali hadi mzee wa watu achoke, maana alikuwa mwanamke wa kuuliza. Siku ile hakuwa na nguvu za kuuliza. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na Tabby, Mkikuyu, mtoto wa wauza vitunguu wa Mai Mahiu aliyeolewa na Wakalenjin wa huku Kariandusi, alikuwa amelifungua giza hilo kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na kitambaa begani.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Mwezi mmoja uliopita, Kigen, dereva wa gari la kukusanya maziwa, mtu wa mzaha aliyejulikana kila lango kutoka Kariandusi hadi Gilgil, alikuwa ameinuka mezani akasema anasikia kichefuchefu, kisha akatapika damu beseni likajaa. Kumbe ini lake lilikuwa limeharibika miaka mingi kwa homa ya ini ambayo hakuwahi kujua anayo, na mishipa ya juu ya tumbo ikavimba hadi mmoja ukapasuka. Katika hospitali moja mjini Nakuru walimpitishia mpira wenye kamera kooni, na kupitia mpira huo wakadunga gundi ndani ya mshipa. Gundi kabisa, ya kukauka papo hapo. Damu ikasimama.

"Sasa nimezibwa kama tairi," Kigen alisema alipozinduka, na Tabby akacheka hadi machozi yakamtoka, kwa sababu mtu anayetania hajafa.

Huyo ndiye mtu aliyemtaka. Hakuomba zaidi. Alikuwa amempeleka binti yao Chepkirui kwa mama yake Mai Mahiu, akaacha kibanda chake cha nguo, akajifunza kupika uji usio na chumvi na kuhesabu vidonge, ili mtu huyo wa mzaha arudi kama alivyokuwa. Walikuwa nyumbani siku ya tano chafya ile ilipotoka.

Jioni hiyo Kigen alianza kukohoa.

Kikohozi kilikuwa kikavu, cha kukwaruza. Alisema kifua kinamchoma upande wa kulia akivuta pumzi. Tabby alimwegemeza mito mitatu, akaketi kando yake akimsikiliza, na akiwa katika kusikiliza ndipo alipogundua jambo. Kigen alikuwa akivuta pumzi, akiitoa, kisha kabla hajavuta nyingine, pumzi ya pili ilisikika ndani yake ikitoka peke yake, fupi na nzito. Kifua hakikusogea. Tabby alijiambia kwamba ni makohozi. Muuguzaji hujiambia mambo mengi ili aweze kwenda kuosha vyombo.

Asubuhi alikuta unga mweupe kwenye foronya. Alipoupangusa ulikuwa mwepesi na laini, kama ule udongo mweupe unaochimbwa katika vilima vya hapo Kariandusi, ule ambao watu wa zamani waliupaka ukutani. Lakini Kigen hakuwa mchimbaji, wala hakuwa ametoka nje ya lango tangu arudi. Tabby alikung'uta foronya, akaifua. Kesho yake unga ulikuwepo tena, na karibu na mdomo ulikuwa mzito zaidi.

"Baba Chepkirui, unatema nini?"

"Sitemi kitu." Alisema hivyo huku ameangalia ukuta. "Tabby, unaskia?"

"Naskia nini?"

"Kuna mtu anachimba."

"Wapi?"

Akaweka kidole kifuani, upande wa kulia. "Hapa. Anachimba, anapumzika. Anachimba, anapumzika." Kisha akajaribu kutabasamu. "Hata hatujaelewana malipo."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho, na Tabby hakujua kuwa ni wa mwisho, la sivyo angeuweka vizuri zaidi moyoni.

Siku ya tatu saa tisa mchana, Kogo alikuwa jikoni akichambua maharagwe na Tabby akianika nguo, sauti ikatoka sebuleni. Ilikuwa sauti ya Kigen, ila ilikuwa imekauka, na maneno yalitoka moja moja kama mtu anayetema changarawe.

"Chepkosgei. Niletee ugoro."

Tabby alisimama na shati mkononi. Kigen alikuwa mtu aliyeokoka, hata sigara hakuwahi kuigusa, sembuse ugoro wa wazee. Lakini si ugoro uliomtisha. Hakuna mwana wa Kikalenjin, mgonjwa au mzima, mlevi au mwendawazimu, anayemwita mama yake mzazi kwa jina lake tupu namna ile, kama shemeji anayeita mke wa ndugu yake.

Kogo alitoka jikoni maharagwe yakimwanguka kwenye leso. 

"Usiitike," akamwambia Tabby. "Usiende huko kwanza."

"Kogo, ni nini?"

"Ni homa. Ni homa tu."

Mficha maradhi kilio humfichua, nao wanawake wale wawili walificha kila mmoja kivyake. Kogo alificha analolijua. Tabby alificha kwamba ameanza kumwogopa mume wake. Wakamwita mchungaji Elphas, mtu mwema mwenye sauti ya kupasua bati, akaja na waumini sita wakaomba kutoka saa nne hadi saa saba. Muda wote Kigen alitazama viatu vya mchungaji. Mchungaji alipoamuru pepo litaje jina lake, mgonjwa aliinua macho.

"Jina langu mnalo," akasema. "Mliniita nyinyi wenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwangu."

Mchungaji alifunga kwa sala fupi kuliko kawaida yake. Chai hakunywa.

Siku iliyofuata midomo ya Kigen ilikuwa ya bluu, na Tabby akasema basi, jini au si jini, anaenda hospitali. Kogo hakupinga. Aliingia naye ndani ya gari la jirani, akamshika mwanawe mkono hadi Nakuru, akiangalia dirishani upande wa ziwa ili asikutane na macho yake.

Hospitalini alipokewa na daktari Wangeci, msichana bado, aliyesema polepole na kwa heshima. Kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima hewa katika damu, kilisema themanini na nne kwa mia, na wakamwekea oksijeni haraka. Daktari alimwinua, akaweka kipimo chake cha masikio mgongoni, upande wa kulia, akasikiliza. Akakunja uso. Akatoa kipimo masikioni, akakigongagonga kwenye kiganja, akakirudisha, akasikiliza tena muda mrefu. Alipomaliza alimtazama Tabby kana kwamba ana la kuuliza, halafu akaandika tu.

Jioni aliwaita wote wawili mbele ya picha ya kifua.

"Mama, ile gundi iliwekwa tumboni, kuna kipande imeponyoka," alisema, akionyesha kwa kalamu vijistari vyeupe vilivyotawanyika pafu la kulia. "Hutokea mara chache. Imefuata damu ikaenda hadi kwa mapafu, ikaziba mishipa hapa na hapa. Ndiyo maana anakohoa, ndiyo maana hewa inamshinda. Na kuna maambukizi juu yake."

"Sasa mtaitoa?" Tabby akauliza.

"Haitolewi. Itakaa hapo tu. Tutampa dawa na oksijeni, na mwili, Mungu akisaidia, utazoea."

"Na hapo mahali gundi iko," Kogo akaingilia kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Kogo. Ni pafu tu. Ni vile damu yake haifiki hapo."

"Damu yake haifiki."

"Eeh. Ni sehemu ndogo."

 Walipotoka hadi kwenye korido, Kogo alimshika Tabby mkono akamketisha kwenye benchi, kati ya mtu mwenye plasta mguuni na mama anayenyonyesha, na hapo, katika harufu ya dawa ya sakafu, akasema aliyokuwa ameyabana.

"Mama Chepkirui, mimi nimekukosea. Kwetu, mtoto akizaliwa, wamama wanaita majina ya wale walienda. Moja moja. Jina ile mtoto atapiga chafya, huyo ndiye amekubali kurudi na yeye. Sasa mtu ametoka kwa mlango ya kifo ni kama mtoto, hana mwenyewe. Wewe ulisoma ile jina, na yeye akapiga chafya."

Tabby akalikumbuka jina. "Kipkemoi."

"Ndugu mkubwa ya mzee wangu. Mtu mkali, mtu ya kugombana. Alikuwa anachimba udongo mweupe yake mwenyewe kwa kilima, akauzia watu ya kupaka nyumba. Watu wakamwambia hiyo shimo imeingia chini sana, akawatukana. Ikamwangukia. Siku mbili kumtoa. Mdomo ilikuwa imejaa." Kogo alinyamaza mama mwenye mtoto alipogeuka. "Hakuwa na mtoto. Na sisi kila mtoto akizaliwa tuliita majina yote, yake tukaruka. Miaka thelathini tumemruka. Sasa amepata nyumba. Daktari mwenyewe amesema. Kama damu ya Kigen haifiki hapo, nani ako hapo?"

"Na mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Mimi ni mama wa kanisa," Kogo akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ningekuambia aje? Ungesema hii mzee ni ya shetani."

Tabby angeweza kumkasirikia, na alijaribu, lakini hasira nayo huhitaji mtu aliyelala. Alimpa tu kitambaa apanguse macho.

Walikaa hospitalini siku tisa. Homa ikashuka, kile kifaa kikapanda hadi tisini na moja, wakaruhusiwa. Daktari Wangeci aliwapa onyo moja, akalirudia mara mbili. Ile mishipa ya tumbo bado ni dhaifu, mgonjwa asijikamue, asiinue kitu kizito, akohoe taratibu. Kishindo kikubwa kinaweza kuufungua mshipa, na ukifunguka nyumbani hawatafika.

Nyumbani ilichukua siku mbili tu. Unga mweupe ukarudi kwenye foronya, na sasa ulikuwa pia kwenye uji, kwenye kona za macho yake, na kwenye alama za vidole alizoacha ukutani. Harufu ya udongo mkavu ilijaa nyumba hata madirisha yakiwa wazi. Yule aliyekuwa kwenye kochi aliongea na Kogo pekee, akimdai ugoro, akimdai mashamba yaliyogawanywa kabla Tabby hajazaliwa. Tabby alipomlisha, aliangalia mkono wake kana kwamba ni mkono wa mtumishi. Mara moja tu, alipokuwa akimkausha mgongo, Kigen mwenyewe alimnong'oneza haraka haraka, kama mtu aliyechungulia ufa wa ukuta.

"Tabby, ananibana. Hapa ndani hakuna nafasi ya watu wawili."

Tabby alikwenda jikoni moja kwa moja.

"Kogo, mtoto akilia kila siku na jina, mnafanyaje?"

Kogo aliacha kuchekecha unga. "Tunaita tena. Jina ikimkataa, anatafutiwa ingine. Huyu wa pili akiingia, wa kwanza anatoka."

"Basi tuite."

"Atapiga chafya aje? Mtoto tunamwekea ugoro kidogo kwa pua. Yeye daktari alisema kishindo…"

"Nimeskia alichosema daktari." Tabby aliketi kwenye kigoda. "Akipiga chafya, anaweza kutapika damu akafa. Tusipofanya, huyo mtu atammaliza kwa pumzi. Mimi nimechoka kuchagua, Kogo, lakini nimechagua."

Walifunga mlango saa tisa mchana. Nje kulikuwa na jua kali na kuku wakitafuta kivuli, redio ya jirani ikisoma bei ya viazi. Kogo alivua kitambaa chake cha kanisa akakikunja kwenye kabati, kisha akachota ugoro kidogo kwenye ncha ya kidole na kuusogeza chini ya pua ya mwanawe. Tabby alimshika mabega kutoka nyuma, beseni miguuni.

Macho yaliyokauka yakafunguka. "Kumbe una ugoro, Chepkosgei."

 Kogo alianza kuita. Aliita arap Tanui, baba wa ukoo, akangoja. Aliita arap Maritim aliyekuwa mchungaji wa mbuzi mia, akangoja. Aliita Kimosop aliyefia jela, Chebochok aliyefia vitani, na mzee wake mwenyewe, baba yake Kigen, ambaye alimwita kwa sauti laini kuliko wote, na pua ya mgonjwa haikutikisika hata kidogo, ila midomo ilijikunja kwa dharau na kutoka ndani ya kifua, upande wa kulia, kulianza kusikika jembe.

Sasa wote wawili walilisikia, toki, toki, kisha kimya, kisha toki, na kila lilipogonga unga mweupe ulimtoka Kigen puani kidogo kidogo ukamwangukia Kogo mikononi, naye Kogo akazidi kuita, akawapita wanaume akaingia kwa wanawake, akawapita wanawake akaingia kwa watoto waliokufa bila hata kunyonya, majina aliyofundishwa na mama mkwe wake na ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya mtu, na sauti yake ikawa inapungua huku ile pumzi ya pili ikiongezeka, fupi, nzito, mpaka pumzi ya Kigen mwenyewe ikawa haisikiki tena, na Tabby, aliyekuwa amemkumbatia kwa nyuma, akahisi mbavu za mumewe zimesimama chini ya mikono yake huku kitu kingine kikiendelea kupumua ndani yake kwa raha zake, kama mwenye nyumba.

"Mmemaliza?" ile sauti ikauliza.

"Nimemaliza," Kogo akalia. "Mungu wangu, nimemaliza wote. Arap Tanui! Arap Tanui!"

Midomo ya Kigen ilikuwa imekuwa ya bluu, kisha ya kijivu. Kichwa kikamwangukia Tabby begani. Naye Tabby, ambaye kwa zaidi ya mwezi hakuwa amelia kwa sababu hakupata nafasi, alisikia kitu kikikatika ndani yake, akafanya kile mtoto yeyote aliyechoka hufanya. Akamlilia baba yake.

"Baba! Baba yangu Njuguna, nisaidie, nimeshindwa!"

Kigen akapiga chafya.

Ilikuwa chafya kubwa iliyomrusha mbele hadi Tabby akabaki na shati mkononi. Wingu jeupe lilitoka likatanda sebule yote, likafuata mwanga wa dirisha, likatoka nje. Kuku wakapiga kelele. Tabby alikuwa ameshaliinua beseni, amelishika kwa mikono miwili chini ya kidevu cha mumewe, akingoja damu, akihesabu bila kujua anahesabu nini. Damu haikuja. Kilichokuja ni pumzi. Moja, ndefu. Kisha kimya. Kisha nyingine. Ile pumzi ya pili, fupi na nzito, haikusikika tena.

"Arap Tanui!" Kogo alipiga kelele, akasimama na kupiga vigelegele vinne, vile vya mtoto wa kiume, nguvu zake zote. "Amekubali arap Tanui! Mama Chepkirui, umesikia? Baba wa ukoo amekuja!"

 Tabby alimlaza Kigen, akamfunika, akapangusa unga usoni mwake. Rangi ilikuwa ikirudi midomoni. Akaketi sakafuni akalala hapo hapo, ameegemea kochi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni la kwanza.

Aliamshwa na mkono kichwani. Mkono ulikuwa ukimpapasa nywele kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu. Kigen alikuwa ameamka. Macho yake yalikuwa maangavu, yana upole, na yalimwangalia kwa huruma nyingi.

"Maitu," akasema kwa Kikuyu safi cha Mai Mahiu, "mbona umekonda hivi? Umekula?"

Kigen hakujua Kikuyu. Kwa miaka tisa ya ndoa alikuwa amejifunza maneno matatu, na yote yalikuwa ya chakula. Maitu ni mama yangu. Njuguna alikuwa amempa binti yake jina la mama yake mzazi, kama ilivyo desturi yao, na tangu siku alipozaliwa hakumwita Tabby hata mara moja. Alimwita mama yangu alipomfundisha kufunga magunia ya vitunguu, na alimwita mama yangu miaka sita iliyopita, alipokata roho mikononi mwake baada ya ugonjwa mrefu, Tabby akiwa ndiye aliyemuuguza. Hakuna mtu mwingine hapa duniani aliyewahi kumwita hivyo.

"Anasema nini?" Kogo akauliza kutoka jikoni, sauti imejaa furaha.

Tabby alilamba midomo. "Anauliza kama tumekula."

"Asifiwe Bwana! Nakuja na uji!"

Tabby akamsogelea yule mtu, akamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani kwao. "Kigen ako wapi?"

Aliitazama mikono yake, akaigeuza, mikono mipana ya dereva, kama mtu aliyevalishwa koti la mgeni na anaona haya kulivua.

"Amelala, maitu. Alikuwa amechoka sana huyo kijana. Mwache alale."

Wiki iliyofuata daktari Wangeci alimpima mgongo, akatabasamu peke yake, akasema pafu limetulia. Kile kifaa kilisema tisini na saba. Majirani walikuja na maziwa. Mchungaji Elphas alikuja na ushuhuda. Kila aliyeingia alisema mgonjwa amekuwa mtu mpole, hata kelele za zamani zimemwisha, na Kogo alimpikia mkaza mwana wake kuku mzima.

Kuita majina Tabby alikuwa amejua sasa. Angeweza kumsubiri amesinzia, amwekee ugoro puani, amwite mumewe kwa jina lake, arudi. Alilifikiria jambo hilo akifua, akipika, akimkata kucha. Lakini majina yanayoitikiwa kwa chafya ni ya waliokufa. Angemwita Kigen, naye akapiga chafya, angekuwa amejua. Kwa hiyo hakumwita. Tangu siku ile hakuna aliyemsikia akilitamka jina hilo ndani ya nyumba, wala nje yake.

Jioni moja Kogo alimkuta akitandika godoro la Chepkirui sebuleni, kati ya kochi na meza.

"Mama Chepkirui, bwana yako amepona. Mbona unalala huku tena?"

Kutoka chumbani ilisikika pumzi moja ya mtu mzima aliyelala vizuri, yenye mluzi mdogo mwishoni, ambayo Tabby aliizoea tangu utotoni kupitia ukuta wa mbao. Alinyoosha shuka, akaliingiza chini ya godoro pembe zote nne.

"Nimechoka tu, Kogo," akasema, akajilaza akageukia ukuta.